Kituo kizuri, ila yule dada wa mahindi!

Hasira hazijaniisha, mnivumilie. Ni kituo cha mazingira huku Ohio, Marekani. Zamani lilikuwa shamba la mahindi na soya, wenyewe wakalitoa liwe hifadhi, na ghala lao ndilo sasa darasa la watoto. Jina silitaji.

Tulimpeleka mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Songea. Mle ghalani palikuwa na onyesho la maisha ya shambani ya zamani, na dada mmoja wa kujitolea anawaonyesha watoto mashine ya chuma ya kupukuchulia mahindi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ikakwama. Akaipigapiga, wapi. Mama mkwe hakusema neno. Alichukua hindi, akatoa mistari miwili kwa kidole gumba, kisha akashika gunzi akaanza kulisugulia. Punje zikamwagika sakafuni, watoto wote wakamhamia.

Jamani! Yule dada akaja akamnyang'anya hindi mkononi. Mtu mzima, mbele ya wajukuu zake! Eti shughuli ile ni ya watoto. Halafu akanigeukia mimi, akauliza: "Anaelewa Kiingereza?" Mwalimu mstaafu huyo! Kiingereza amekifundisha kabla huyo dada hajazaliwa. Mama mkwe akamjibu mwenyewe, taratibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba anaelewa vizuri, na mashine yao imekwama kwa sababu mahindi hayajakauka. Hakuna aliyeomba radhi.

Sasa nisiwe mwongo, nje kule ni kuzuri. Shamba lilikuwa limefukiwa mabomba ya kutolea maji. Wameyavunja, maji yamerudi, na pale palipolimwa pana bwawa na korongo kasimama. Nyasi zinampita mtu kimo. Kuna na lile gugu la utomvu mweupe ambalo viwavi wa kipepeo aitwaye monarch hawali kingine zaidi yake, na vipepeo wenyewe husafiri hadi milima ya Meksiko. Kibao kimoja kinaeleza kwamba nyasi huchomwa moto makusudi, vichaka visije vikazimeza. Mama mkwe alikisoma mara mbili. "Sisi tukichoma tunaitwa waharibifu wa mazingira," akasema, "wenzetu wanawekewa kibao."

Nilikaa chini kuwapa nyota moja. Nikikumbuka lile bwawa naona hata nne ni haki yao. Nikikumbuka mkono wa yule dada, narudi kwenye moja. Wanajiita kituo cha elimu, na mwalimu walikuwa naye mbele yao! Mama mkwe mwenyewe ananishangaa, anataka turudi kabla hajaondoka. Basi, mbili. Tatu kama yule dada hayupo zamu.

Niliwaandikia barua pepe kulalamika. Wamejibu upesi tu: wanashukuru kwa maoni yangu, na chini wameniwekea kitufe cha kuchangia.