Adapta ya "nchi zaidi ya 150": kwa walimu mnaoenda kufundisha nje, someni kabla hamjalipa

Nyie mnaofunga mabegi kwenda kufundisha nje, hii adapta ya mchemraba msiinunue kwa macho. Kampuni siitaji maana haya madude yanafanana yote, kale kaboksi keusi kenye vitufe vya kusukuma pembeni, ukisukuma huku zinatoka pini za Uingereza, huku za Marekani, huku za Australia, huku zile mbili za mviringo za Ulaya. Mezani inapendeza balaa.

Shida inaanza ukutani. Nilipo mimi soketi ni zile za duara zilizozama ndani, kama za Ujerumani na Hispania, zimezamishwa makusudi ili kidole kisiguse pini wakati plagi iko nusu ndani. Sasa wewe unaleta kitu cha kona nne kwenye shimo la duara, kitaingiaje? Kinaishia mlangoni, pini zimeshika kwa ncha tu, halafu juu yake umening'iniza chaja ya kompyuta yenye uzito wake. Mara nyingine hata hakifiki huko, unasukuma plagi na pini zinarudi ndani kama kobe aliyeona mtu. Ukifanikiwa unashukuru Mungu, unaanza kufundisha, mtoto wa nyuma anafunga dirisha kwa nguvu kidogo, puu, dude liko sakafuni na kompyuta imezima kwa sababu betri yake ni ya uzee. Wanafunzi wangu siku hizi wanawekeana dau litadondoka kabla ya zoezi au baada, na kuna mmoja namshuku anafunga dirisha kwa maslahi yake.

Lakini hilo lavumilika. Kilichonimaliza ni ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Chaja yangu ina pini tatu na adapta ina matundu matatu, unaona imekamilika, kumbe lile tundu la tatu ni pambo, ndani hakuna waya wala nini. Chaja hizi zina vichujio ndani ambavyo kawaida huvujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye ethi, sasa ethi ikikosekana ule umeme unabaki kwenye bodi ya chuma ya kompyuta unamsubiri mwalimu. Hauui, ni mtekenyo tu, ila unakuja bila hodi. Mimi nafundisha Kiswahili kwa wanaoanza kabisa, na tumezoeshana nikisema kitu kwa sauti darasa linarudia. Mwalimu mkuu kaja kukaa nyuma na daftari lake kuangalia kipindi, mimi nimetulia, shati limenyooka, nikaweka kiganja juu ya kompyuta nibadilishe ukurasa, nikaruka, "Mama weee!" Darasa zima likaitikia, "Mama weee!" Matamshi safi, na lile "weee" wamelivuta vilevile kama nilivyolivuta mimi. Mwalimu mkuu akainama akaandika kitu, mpaka leo sijaonyeshwa aliandika nini. Kwenye korido sasa ndiyo salamu yangu.

Halafu fyuzi. Ndani kuna kafyuzi ka kioo, ya kwangu ni ya ampea 6, kwa volti 230 hiyo ni wati 1,380 basi. Jirani yangu kwenye nyumba za walimu katoka Uingereza na birika lake la umeme, na mabirika ya kule wati 3,000 ni jambo la kawaida, akaniazima adapta "dakika mbili tu". Hata hazikufika. Fyuzi ya akiba imefichwa kwenye kimlango ambacho hakifunguki kwa kucha, mpaka uwe na bisibisi ya fundi wa saa, na kikifunguka kinairusha yenyewe, tukawa watu wazima wawili wenye shahada tunatambaa chini ya kabati na tochi ya simu.

Na fyuzi isikupe moyo sana. Mwenzetu mwingine katoka Marekani na pasi yake ya kunyooshea nywele ya volti 120, adapta yake ni hii hii, akaichomeka kwa raha zake kwa sababu boksi limesema nchi 150. Adapta HAIBADILISHI VOLTI jamani, inabadilisha umbo la plagi tu, hayo maneno yapo kwenye karatasi ya maelezo kwa herufi za kusomwa kwa hadubini. Volti zikikaribia mara mbili nguvu inakaribia mara nne, na kwa kuwa ile pasi ni ndogo umeme wake haukufika hata ampea 6, fyuzi ikabaki imetulia inaangalia moshi. King'ora kikalia alfajiri, walimu wote nje na nguo za kulalia, basi la wanafunzi linapita. Angalia chini ya chaja yako, kama imeandikwa 100–240V uko salama, kama ni 120V peke yake iache nyumbani.

Yule dada wa Marekani akaenda kununua transfoma ya kushusha volti, zito kama nini, akaichomekea saa yake ya mezani. Hili adapta haihusiki ila siwezi kulipita: transfoma haigusi hezi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, na saa za namna ile zinahesabu mawimbi ya umeme, yake inategemea 60 kwa sekunde na hapa tuna 50. Ukiiseti saa 4 usiku ikuamshe saa 12 asubuhi inalia saa 1 na dakika 36. Kipindi chake cha kwanza nilimshikia mimi, bila malipo.

Uzuri wake? Porti za USB ziko poa, simu inajaa usiku kama hujachomeka na vingine, maana zote zinagawana chaji moja. Kwa msafiri wa uwanja wa ndege inatosha. Kwa mwalimu anayekaa mwaka, tafuta adapta ya nchi moja tu, yenye umbo la duara na ethi ya kweli (zile pembeni zina vibati vya chuma, ndiyo ethi yenyewe), halafu beba ekstensheni yako ya kawaida, adapta moja inakulishia plagi zote, ila birika na pasi usivichomeke humo pamoja.

Nyota mbili. Moja ya USB, nyingine ya kale kamfuko inakojia, nawekea kalamu za ubao.