Vitabu vya watoto wa miaka 8 hadi 12: hivi ndo vilivyosomwa mpaka mwisho nyumbani kwetu

Mtoto akishaachana na vitabu vya picha kuna kipindi kigumu sana, vile vya wadogo anaviona vya kitoto na vile vya vijana wakubwa vina mambo yaliyomzidi umri, na hapo katikati ndo wengi wanaacha kusoma kabisa. Binti yangu ana miaka 10, mpwa wangu tunaeishi nae ana 12, na mwaka huu jioni nyingi tumekaa watatu kitandani tukijaribu kitabu kimoja baada ya kingine. Sijavipanga kwa tuzo wala kwa umaarufu. Kipimo changu kimoja tu: muda wa kulala ukifika mtoto anasema "mama sura moja tu, moja tu" au anafunga kitabu na kugeukia ukutani.

Vyote ni vya Kiingereza, tukikwama tunaelezana kwa Kiswahili na stori inaendelea, kwahiyo mzazi usiogope eti mtoto hajui kila neno.

Kilichotushika kuliko vyote ni A Rover's Story cha Jasmine Warga, kilitoka 2022. Anaesimulia ni roboti mwenyewe, anaitwa Resilience, wanamuita Res, anaundwa maabara ili apelekwe Mars kutafuta dalili za uhai wa kale. Wanasayansi wanaomuunda yeye anawaita "hazmat" kwa sababu ya yale mavazi yao ya kujikinga, maana hajui vingine vya kuwaita, na mpaka leo binti yangu akiona mtu kavaa koti jeupe na barakoa ananinong'oneza "hazmat huyo". Basi Res anaanza kuwazoea wale watu, hasa mama mmoja anaitwa Rania anaebaki kazini mpaka usiku sana, na kuna roboti mwenzake pale maabara, Journey, anamwambia hisia sio kazi ya roboti. Katikati ya sura kuna barua za Sophie, mtoto wa Rania, anamwandikia huyo roboti, na mwanzoni anamuonea wivu kabisa kwamba ndo kamchukulia mama yake. Tulipofika kwenye barua mojawapo ya mwanzo binti yangu akabana kidole kwenye kurasa, akanyamaza, alafu akaniuliza, "Mama, na wewe ukiwa kazini unanikumbuka?" Tuliongea saa nzima usiku ule. Kitabu hakikuendelea na wala sikujali. Kadri stori inavyokwenda Sophie anakua, barua zake zinabadilika, unauona muda unapita bila mwandishi kukuambia kwamba muda unapita, na hiyo kwangu ndo ufundi wenyewe. Sura ni fupi fupi, mtoto anaejifunza kusoma peke yake hatachoka.

Cha pili, Impossible Creatures cha Katherine Rundell. Kilitoka Uingereza 2023. Mvulana anaitwa Christopher, kila anapokwenda wanyama wanamfuata, anapelekwa kwa babu yake Scotland na huko anamuokoa mtoto wa kiumbe nusu tai nusu simba, anagundua kuna visiwa vilivyofichwa ambako viumbe wa hadithi za kale bado wanaishi, ila uchawi unaowalinda unafifia na wameanza kufa. Upande wa pili kuna Mal, msichana mwenye koti linalomrusha angani upepo ukivuma, na kuna mtu anamwinda amuue. Wakikutana hawa wawili hakuna kupumua. Mwanzoni mwa kitabu kuna orodha ya viumbe wote na michoro yao, mpwa wangu aliisoma hiyo kwanza yote, mara mbili, kabla hajagusa sura ya kwanza, nikamwacha. Niseme tu wazi kwa wazazi: kina vifo, na kuna kumpoteza mtu kunakouma kweli. Binti yangu alilia. Mimi sioni kama hiyo ni sababu ya kumnyima, alilia akiwa amenilalia mkononi na kesho yake akataka tukianze upya, lakini kama mtoto wako amefiwa karibuni kisome wewe kwanza.

Mpwa wangu kiukweli hakua msomaji. Alikua anashika kitabu ili nisimsemeshe. Kilichomgeuza ni komiki, When Stars Are Scattered, ya 2020, kwahiyo sio mpya sana ila siwezi kuiacha. Victoria Jamieson kachora na kaandika pamoja na Omar Mohamed, na Omar ndo mwenye hiyo stori, ni maisha yake mwenyewe, alilelewa kambi ya wakimbizi Dadaab, Kenya, yeye na mdogo wake Hassan ambae karibu haongei. Akipata nafasi ya kwenda shule inabidi aamue nani atabaki na Hassan. Mpwa wangu aliimaliza siku mbili, akanifuata jikoni na kitabu kiko wazi kanyoosha kidole kwenye picha ya Omar akiwa darasani, akasema "anajilaumu, ona macho". Kwa wale wanaosema komiki sio kusoma, mimi naona hapo alisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma kitabu chochote, maana uso wa mtu nao unasomwa.

The First State of Being cha Erin Entrada Kelly (2024) kilipata medali ya Newbery 2025, ile tuzo kubwa ya vitabu vya watoto ya Marekani. Ni Agosti 1999 huko Marekani, Michael ana miaka 12 na anakusanya vyakula vya kopo kwa hofu ya mwaka 2000, ile ya kwamba kompyuta nyingi zilikua zinahifadhi mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho kwahiyo 00 zingeisoma kama 1900 na kila kitu kivurugike. Mara anatokea kijana kutoka mwaka 2199, na Michael anachotaka ni kimoja, aambiwe yajayo. Kwa mtoto mwenye wasiwasi, anaekuuliza kila usiku kesho itakuaje, kitabu hiki ni dawa, na hakimhubirii. Mwanzo unaenda taratibu kidogo, vumilia.

Ambacho hakikutukubali sana ni The Eyes and the Impossible cha Dave Eggers, nacho kina Newbery, ya 2024. Mbwa huru anaeishi kwenye bustani kubwa kando ya bahari anasimulia mwenyewe, na picha ni nzuri ajabu, ni michoro ya mandhari ya kizamani alafu Shawn Harris kamwingiza huyo mbwa ndani yake. Mimi nilikipenda mno. Watoto walichoka, mbwa anajisifu kurasa na kurasa kabla tukio halijaanza. Nadhani kinafaa kusomwa kwa sauti na mtu mzima anaejua kuigiza, ukimpa mtoto peke yake anaweza kukiacha.

Kitu kimoja kuhusu kununua, angalia vizuri kama kitabu ni cha mfululizo. Niliwahi kuagiza mtandaoni nikaletewa juzuu ya pili bila ya kwanza, mtoto akasoma kurasa kumi haelewi nani ni nani, akakitupa, na sasa hata ya kwanza haitaki. Impossible Creatures nayo ina mwendelezo wake, The Poisoned King, umetoka 2025, usianze na huo. Wa kwetu tumeshauagiza, na binti yangu ameshaweka sharti kwamba sura ya kwanza atasoma yeye kwa sauti, sisi tukae kimya.