Kliniki ya wastaafu wa jeshi: daktari safi, mapokezi bado

Nampeleka baba kwenye hospitali moja ya jeshi, siku ya wastaafu. Mzee alikuwa mpiga mizinga Vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, kwenye zile BM-21 za kurusha roketi ambazo Waganda waliziita saba saba. Masikio yake yalibaki huko huko.

Daktari nampa tano kwa tano. Binti mdogo tu, kapteni. Alimwambia "Shikamoo, afande" kabla hajagusa faili, na mzee akanyooka kitini kama yuko gwaride. Akampima kwenye chumba kisichopitisha sauti, kisha akasema bila kuzunguka: vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa kwa mlio wa mzinga havioti tena, kwa hiyo tuachane na matone, avae mashine ya kusikilizia. Kwingine kote tuliuziwa matone.

Sasa mapokezi. Majina yanaitwa kwa mdomo, dirishani, feni inavuma. Jamani, hawa ni watu wa mizinga! Nusu ya benchi haisikii, jina linapita, zamu inarukwa. Televisheni ipo ukutani inaonyesha mpira. Si waandike namba hapo? Betri za mashine nazo hazipo dirisha la dawa, unanunua mwenyewe mjini.

Na hakuna aliyemuuliza baba analalaje usiku. Kwa mtu aliyetoka vitani lingekuwa swali la kwanza.

Mkienda, bebeni kadi ya bima, kitambulisho cha ustaafu, na mjukuu mwenye masikio mazima.