Tangi zuri, sampu imemwaga maji sebuleni: uzoefu wangu

Nyota mbili, na zote ni za kioo. Silikoni imenyooka, matundu yametobolewa safi, tangi la samaki la sentimita 120 kwa 50 limetulia sawasawa juu ya kabati. Ndani ya kabati kuna sampu, tangi dogo linalopokea maji yanayoshuka kutoka juu, na pampu inayarudisha. Kwa kioo hawa mafundi wanajua kazi.

Ila fundi aliwasha pampu, maji yakazunguka, akapiga picha zake, akaondoka. Hakuizima. Sampu unaijua pampu ikizimwa, na Dar hii umeme unakatika bila taarifa, basi kuizima ndiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza. Umeme ulipokatika majuzi, zaidi ya lita 30 zilimwagika sakafuni.

Hesabu yenyewe ni ya dakika moja. Kila sentimita ya maji kwenye tangi la ukubwa huu ni lita 6. Mdomo wa bomba la kurudisha maji ameuzamisha sentimita 10 chini ya uso wa maji. Pampu ikizima, bomba lile lile linageuka mpira wa kunyonya: maji yanarudi chini kwa uzito wake na hayasimami mpaka mdomo uvute hewa. Kumi mara sita, lita 60. Sampu yao ni sentimita 75 kwa 40, yaani lita 3 kwa kila sentimita, na ilikuwa imebakiza sentimita 10 kufika ukingoni. Nafasi ya lita 30 ikaletewa lita 60, bila kuhesabu yaliyokuwa ndani ya mabomba.

Nilipowapigia, jibu lilikuwa: "Bosi, wewe ndiye umejaza maji kupita kiasi. Mbona kuna vali inayozuia yasirudi?"

Hiyo vali nimeifungua. Kuifungua maana yake nimeikata kwa msumeno, kwa sababu waliigandisha kwa gundi ya bomba pande zote mbili badala ya kufunga yunioni, kiungio cha bomba kinachofunguliwa kwa mkono. Ndani, chini ya kile kifuniko cha mpira, lilikwama ganda la konokono dogo kuliko punje ya mchele, na pembeni chokaa imeshika kama ukoko wa sufuria. Tangi hili ni la mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa wanaotaka maji magumu, na maji magumu yanaacha chokaa. Vali ya namna hiyo inataka kufunguliwa kila baada ya miezi michache na kulowekwa kwenye siki. Hata ikiwa safi, kinga ya kwanza haiwezi kuwa kitu ambacho ganda moja linakishinda.

Marekebisho hayakuhitaji hata kifaa cha kununua. Mdomo wa bomba umepandishwa hadi sentimita 2 chini ya uso wa maji: sasa yanarudi lita 12, na kidogo ya mabombani. Kisha bomba limetobolewa tundu la milimita 5, sentimita 1 chini ya uso, likielekea ndani ya tangi ili lisirushe maji nje. Uso ukishuka hapo tundu linavuta hewa na mnyonyo unakatika. Matundu mawili ni bora, maana mwani unaziba. Yapitishie kijiti kila unapobadilisha maji.

Halafu alama. Zima pampu, subiri hadi bomba zote zinyamaze, jaza sampu mpaka ibaki sentimita 3 kufika ukingoni. Washa, yaache yatulie, uchore mstari wa kalamu isiyofutika kwenye chumba cha pampu ndani ya sampu. Ukiongeza maji yaliyopungua kwa mvuke, usipite mstari huo. Zima tena mara mbili tatu uhakikishe. Na jaribu kinyume chake pia: ziba bomba la kushushia maji huku umesimama hapo hapo, uone kama chumba cha pampu kinakauka kabla tangi la juu halijafurika. Likitaka kufurika, chumba hicho ni kikubwa mno.

Nilitaka kuishia hapo. Huenda yule fundi ni mgeni wa sampu, na mafundi wazuri wa kioo si wengi.

Lakini ekstensheni waliilaza sakafuni mwa kabati, chini kabisa, kando ya sampu. Umeme uliporudi ilikuwa ndani ya maji. Ilipaswa kupigiliwa juu ubavuni, waya ushuke kwanza kisha upande kwenye soketi, ili matone yadondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Mtoto angeweza kufungua lile kabati kwa mkono uliolowa. Nao wananiambia nimejaza maji kupita kiasi, wakati kiwango kile walikijaza wenyewe na kipo kwenye picha waliyoipiga.

Nyota moja. Ya pili naiondoa.