Balozi wa lishe chuoni: uzoefu wangu, na nani ajiunge

Kila tangazo la kutafuta mabalozi wanafunzi wa lishe likitoka, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza hunifuata kuniuliza kama programu hii ina maana au ni ya kuvaa fulana na kupiga picha. Ina maana, tena kubwa, kama unachokifuata ni kazi ya kukaa na watu. Anayefuata cheti na posho atachoka mapema. Posho yenyewe ni nauli na maji, na kwetu ilichelewa mara nyingi mpaka watu wakawa wanakopa kwenye boom lao, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, kwenda kufanya kazi ya chuo.

Wanaochukuliwa ni wanafunzi wa shahada ya kwanza wa afya ya jamii na wa lishe, mwaka wa pili na wa tatu. Unaandika barua, unafanyiwa usaili mfupi, kisha semina. Baada ya hapo unapangiwa kazi: kutembelea shule za sekondari kueleza kozi zetu, kutoa elimu ya lishe hapo hapo chuoni, na kuandamana na afisa lishe wa wilaya siku za afya na lishe vijijini. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niipende programu.

Sisi tulipelekwa mkoani Iringa. Darasani tulishasoma kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa nchini, na kwamba Iringa ni takribani 57. Unaisoma takwimu hiyo ukiwa unajua kuwa mkoa huo unalima mahindi, maharage na viazi vya kulisha watu wa mbali, na huelewi. Ukifika kijijini unaanza kuelewa.

Nilikabidhiwa utepe wa MUAC, ule wa kupima mzunguko wa mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano, 12.5 na kuendelea ni kijani. Kwenye karatasi ni rahisi. Pale mtoto analia na kuvuta mkono, na kina mama wote kwenye foleni wamekaza macho waone kwa mwenzao itatoka rangi gani. Afisa lishe alitukataza kutaja rangi kwa sauti. Pima, andika, mshukuru mama, na kama kuna tatizo mwite pembeni. Hakuna mhadhara ulionifundisha heshima ya mgonjwa kama agizo lile.

Mtoto mmoja alitoka kijani na mama yake akafurahi. Tulipomlaza kwenye ubao wa urefu, alikuwa mfupi sana kwa umri wake. Utepe unaonyesha ukondefu. Udumavu hauonekani hapo. "Lakini daktari, huyu anashiba. Halali na njaa hata siku moja," mama alisema, na alikuwa anasema kweli. Mtoto alikuwa anashiba uji wa mahindi, asubuhi na jioni. Maharage yalikuwepo ndani, kuku walikuwa wanataga, mayai yanauzwa gulioni. Mwenzangu akaanza kumwelezea makundi sita ya chakula. Afisa lishe akamwacha amalize, halafu akamuuliza mama swali moja tu: mchana mtoto anabaki na nani? Anabaki na dada yake, ambaye naye bado mdogo, kwa sababu mama yuko shamba tangu alfajiri. Mazungumzo yakageuka hapo hapo. Wakakubaliana maharage yachemshwe usiku, yapondwe, yaachwe tayari kuchanganywa kwenye uji, na yai moja lisiende gulioni. Baba, aliyekuwa amesimama nje, akaitwa na yeye asikie. Nilikuwa nimeingia kijijini nikiamini kinachokosekana ni elimu. Mama yule alichokosa ni muda na mtu wa kumsaidia.

Siku hiyo pia tuliulizwa sana kuhusu unga wa lishe wa kuchanganya kila nafaka na karanga. Jambo hili naliona zito, maana karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huleta sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na mwaka 2016 watu walikufa kwa ajili yake Dodoma na Manyara.

Kazi ya chuoni ni nyepesi lakini si ya kudharau. Wasichana wengi hosteli wanaishi kwa chipsi, na wali maharage wanaushushia na chai ya rangi. Wanawake wenye upungufu wa damu nchini walikuwa asilimia 42 mwaka 2022, na chai pamoja na chakula huzuia madini chuma kufyonzwa. Kumwambia mtu akae kama saa moja baada ya kula ndipo anywe chai, na ale chungwa badala yake, ni ushauri anaoweza kuufuata hata boom likiwa limekata.

Upande wa sekondari ndio sikuridhika nao. Vijana wa kidato cha sita wanauliza maswali ya msingi: tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) inakubalika, au lazima PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au CBN (Kemia, Biolojia, Lishe)? Nikimaliza naajiriwa wapi? Waratibu walitaka tutaje mazuri tu. Mimi niliwaambia kwamba wapo maafisa lishe kwenye halmashauri, hospitali na mashirika, na kwamba ajira za serikali hutoka kwa vipindi, wahitimu wanasubiri. Mtoto anayechagua maisha yake anastahili kuambiwa yote, na programu ikiendelea kuficha hilo inajiharibia jina.

Mwaka huu nimeomba tena, safari hii vijijini tu. Kama unaomba, kwenye usaili uliza mambo haya mapema: nauli inatolewa kabla ya safari au baada? Ratiba ikigongana na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, nani anakuombea ruhusa? Na kijijini mtakwenda na afisa lishe au peke yenu? Wakijibu peke yenu, waambie haifai kupeleka mwanafunzi bila mtaalamu, na subiri wapange upya.