Zulia la vita la Afghanistan: mkono safi, cheti cha uongo

Nyota moja. Naiweka mapema kabla hasira haijapoa, maana nikipoa nitaongeza.

Zulia ni rangi ya damu ya mzee, sentimita 80 kwa 120. Katikati kuna ramani ya Afghanistan, kandokando vifaru na helikopta, na juu msafara wa magari ya Kisovieti ukielekea kaskazini. Duka liko Deira, Dubai, jina nalihifadhi. Kilichonichefua ni cheti walichokiambatanisha, karatasi nzito yenye muhuri: "Limefumwa Herat mwaka 1979 na mjane, kwa siri."

1979! Majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan wiki ya mwisho ya Desemba mwaka huo. Geuza zulia, weka rula mgongoni: vifundo 30 kwa kila sentimita 10 za upana, 32 kwa urefu. Zulia zima ni zaidi ya vifundo 92,000. Mfumaji mwenye mkono mwepesi akifunga 6,000 kwa siku, atahitaji siku 15 za vifundo peke yake, bado hajatanda nyuzi za mtande, zile za urefu zinazoshika vifundo, wala hajapunguza manyoya. Sasa huyo mjane aliona kifaru, akakaa chini, akamaliza kabla ya mwaka mpya? Tena akafuma na majeshi hayo yakiondoka kuelekea kaskazini, jambo lililokuja kukamilika Februari 1989? Huyo si mfumaji, ni mpiga ramli.

Na mwaka umefumwa palepale kwenye kona: 1368. Waafghani wakati huo walihesabu Hijria ya jua, kalenda inayoanzia Hijra lakini hufuata mwaka wa jua, kwa hiyo jumlisha 621 upate 1989. (Kuna wanaoihesabu kama Hijria ya mwezi, wakapata 1948 au 1949 na kuliuza kwa bei ya kale. Helikopta za Kisovieti Afghanistan mwaka huo zitoke wapi?) Muuzaji alipoonyeshwa, akasema hiyo ni namba ya stoo. Nikamwambia, bwana, namba ya stoo haifumwi. Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Zulia ni la kukanyaga, si la kusoma."

Basi huyu hajui anachouza. Zulia la aina hii ukikosa kulisoma umepoteza pesa. Wabaluchi, kabila la wafumaji wa magharibi mwa Afghanistan, walikuwa wakifuma maua, ndege na miti. Vita vilipoingia, penye safu ya maua pakakaa safu ya helikopta au guruneti, ndogo ndogo, huzioni mpaka utulie. Na picha za mambo ya nchi hazikuanza na Warusi: sura ya mfalme Amanullah, aliyetawala 1919 hadi 1929, ilishaingia kwenye mazulia. Wapo wanaosema ramani zilitokana na msanii Mwitaliano Alighiero Boetti, aliyewaagiza wanawake wa Kiafghani kutarizi ramani za dunia kuanzia 1971. Mimi siafiki sana. Ile ni kazi ya sindano kwenye kitambaa, na ramani ya shule yoyote ingetosha kuwa kielelezo.

Halafu lipo soko, ambalo vyeti hivi havilitaji kamwe. Wakimbizi walivuka kwenda Pakistan, wafanyabiashara wa Peshawar wakaona wageni wananunua vifaru, vielelezo vikaanza kurudiwa. Baada ya 2001 ikaja minara ya New York iliyoshambuliwa mwaka huo, na katikati ya bendera mbili, ya Marekani na ya Afghanistan, njiwa aliyenakiliwa kutoka vipeperushi vya Wamarekani. Herufi za Kilatini mara nyingi zimepinduka, kwa sababu mfumaji hunakili umbo. Kwa hiyo mjane wa siri ni hadithi ya dukani. Au pengine muuzaji naye aliuziwa hivyo hivyo. Sitamwonea kwa hilo. Ila ile simu!

Vipimo vya nyumbani. Choma uzi mmoja wa matamvua, ambayo ni ncha za mtande: sufu hunuka nywele zilizoungua, pamba hunuka karatasi. Langu ni pamba, ilhali kazi za zamani za Kibaluchi mtande huwa sufu na kingo zake nywele za mbuzi. Chana manyoya kwa kidole mpaka kwenye shina: kufifia kwa jua hukaa nchani, shina hubaki na rangi kali. Matamvua yakiwa kahawia sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, limechovywa chai lionekane kuukuu. Langu halikuchovywa, na hilo nalikubali. Kisha bonyeza kitambaa cheupe chenye maji ya vuguvugu juu ya wekundu kwa nusu dakika. Changu kilitoka na waridi hafifu, maana yake likioshwa kwa maji mengi wekundu utaingia kwenye nyeupe na hautatoka.

Lakini mkono wa aliyelifuma, loo. Kila gari limezungushiwa mstari mweupe wa kifundo kimoja tu, na magurudumu yote ni ya duara kweli. Kwenye ukingo wa kulia nafasi ilimwishia, gari la mwisho likakatwa katikati, dereva akabaki nje ya zulia. Kwa hilo peke yake ni nyota nne, na nisingelirudisha hata wangenirudishia pesa.

Niliishia kufikiria tatu. Juzi wakapiga simu kwamba nikachukue cheti kipya, wamesharekebisha. Nimetumiwa picha yake: mwaka ni 1989, mjane yumo bado, na siri yake ni ile ile. Nyota moja.