Mashine ya vakyumu yenye chumba jikoni kwangu Mwanza: uzoefu wangu

Kama unanunua samaki wabichi kwa wingi na nyumbani una friza, mashine hii ya kufunga chakula kwenye mifuko iliyoondolewa hewa itakufaa sana. Kama huna friza, au unanunua sato wawili wa chakula cha leo, pesa yako ifanyie jambo lingine. Nasema hivyo mapema kwa sababu bei yake ni kubwa, mara kadhaa ya zile mashine ndogo, na wengi wanaoniuliza wanataka jibu kwanza. Ninayo tangu masika yaliyopita, hapa Kitangiri, katika nyumba yenye watoto na wageni wasiokatika.

Mashine ndogo zilizozoeleka ni za kunyonya. Mfuko unabaki nje, unabana mdomo wake tu, pampu inavuta hewa kupitia hapo. Kwa karanga, unga na mchele zinafanya kazi nzuri. Kwa samaki wa ziwani zinahangaika. Sato aliyeparuliwa magamba na kuoshwa anaendelea kutoa maji na damu, pampu inayavuta hadi mdomoni, na plastiki iliyolowa haishikani vizuri inapochomwa. Unaweka frizani mfuko unaodhani umeziba, baada ya wiki unaukuta umeingia hewa na mnofu umekauka pembeni, mweupe, hauna ladha.

Yenye chumba haivuti hewa mdomoni. Mfuko mzima unaingia ndani, mdomo unaulaza juu ya upau wenye waya wa moto, unashusha mfuniko. Pampu inatoa hewa ya chumba chote, ndani ya mfuko na nje yake kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna kinachosukuma maji yatoke. Upau unachoma mdomo, kisha hewa inarudishwa chumbani, na hapo ndipo plastiki inabanwa na kugandamana na samaki. Nafunga minofu ya sangara ikiwa bado na unyevu wake, supu ya kichwa cha sangara, maharage na mchuzi wake, na mdomo unashika. Faida nyingine ni mifuko. Mashine za kunyonya zinahitaji mifuko yenye vinundu, ambayo ni ghali. Hii inatumia mifuko laini ya kawaida ya vakyumu, na kwa anayefunga mara kwa mara hapo ndipo gharama inaanza kurudi.

Hata hivyo vimiminika vina sharti lake: viwe baridi kabisa. Hewa ikipungua, maji yanachemka kwa joto dogo sana, kwa hiyo supu ya vuguvugu itatokota ndani ya mfuko bila moto wowote, itapanda na kuchafua chumba chote. Mimi naiacha supu ilale kwenye friji, naijaza nusu ya mfuko tu, na wakati pampu inafanya kazi macho yangu yako kwenye mfuniko. Nikiona mapovu yanaanza, nabonyeza kitufe cha kusimamisha, mashine inaruka moja kwa moja kwenye kuchoma. Usinunue mashine ambayo mfuniko wake hauonyeshi ndani.

Sasa jambo ambalo mtu wa Mwanza hatalikuta kwenye kitabu cha maelekezo. Geji ya mashine yangu ina alama hadi hasi 0.1 za megapaskali, yaani kilopaskali 100, na kitabu kinasema mshale ufike karibu na hapo. Kwangu haufiki. Unasimama kidogo juu ya 0.085 na hausogei tena. Mashine haina ubovu. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Pwani kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni kama kilopaskali 101. Huku kwetu ni kama 88. Geji ya namna hii inapima tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo hata pampu ikitoa hewa yote, mshale hauwezi kupita 0.088. Anayeishi Bugando au Capri Point, juu ya vilima, atapata pungufu kidogo zaidi. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu nisingependa mtu alipe fundi afungue pampu nzima isiyo na kasoro.

Mahali ambapo mashine imebadilisha kabisa matumizi ya nyumba yangu ni kwenye manunuzi. Anayekwenda Mwaloni Kirumba anajua kwamba bei ya dagaa inafuata mwezi. Wakati wa giza mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanajaa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, soko linapungua na bei inapanda. Zamani nilikuwa nanunua kwa bei yoyote niliyoikuta. Siku hizi nanunua dagaa wakavu wakati wa giza, wale waliokaushwa kwenye chanja na wasio na mchanga, nawafunga vifurushi vya mboga moja. Adui wa dagaa mkavu ni unyevu na hewa: mafuta yake yanachacha, wanabadilika rangi na kuwa na ule ukali kooni. Bila hewa wanakaa na harufu yao nzuri muda mrefu zaidi. Shida yao ni kwamba wanachoma. Mkia mmoja tu unatosha kutoboa mfuko, kwa hiyo nawafunga kwanza kwenye karatasi safi, ndipo naingiza mfukoni. Mapezi ya sato nayakata kwa mkasi kwa sababu hiyo hiyo. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, anavyoniletea mama mkwe kutoka Magu, nayo ina kingo kali, lakini ikifungwa vizuri wadudu hawapati hewa ya kuishi. Mama alipoona ya mwaka jana bado safi, aliniambia, "Mwanangu, hii niitengee kabisa gunia lake." Ameshalitenga.

Niseme kwa uzito sana kuhusu usalama, kwa kuwa nimesikia watu wakisema samaki wa vakyumu hahitaji baridi. Si kweli, na ni hatari. Kuna bakteria wa sumu ya botulini ambaye hustawi mahali pasipo na hewa, na aina yake moja inayohusishwa sana na samaki inaweza kukua hata kwenye nyuzi 4 za friji. Inaweza kutengeneza sumu bila samaki kunuka wala kubadilika. Kwa hiyo samaki wangu wabichi wa vakyumu wanakwenda frizani, nyuzi 18 chini ya sifuri, na siku ya kuwayeyusha natoboa au kufungua mfuko kwanza kabla sijawahamishia kwenye friji. Narudia: fungua kwanza, yeyusha baadaye. Wifi yangu wa Dodoma nikimtumia boksi la minofu kwa basi, namwandikia maneno hayo juu ya boksi kwa kalamu nene, na samaki wanaondoka wakiwa jiwe, kwenye boksi la stairofomu nyeupe lililozungushiwa utepe. Halivuji wala halinuki, na makondakta hawanung'uniki tena.

Umeme hautishi kama watu wanavyofikiri. Mashine yangu inakula wati 1,000 hivi na mzunguko mmoja hauzidi dakika, kwa hiyo uniti moja inafunga mifuko isiyopungua 60. Ninachoogopa ni umeme unaopanda na kushuka, ndiyo maana nimeiunganisha na stabilaiza. Na kwa siku umeme unapokatika, vifurushi bapa vilivyopangwa vikabanana vinasaidia: friza iliyojaa, ikiachwa bila kufunguliwa, inaweza kushika baridi kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24.

Matunzo ni oili. Yangu ni ya pampu ya oili, na mvuke wa vyakula vyenye maji unaingia humo. Oili ikianza kuwa nyeupe kama tui, imeshika maji na nguvu ya kuvuta inapungua. Kabla ya kuanza kazi nazungusha mashine tupu mara chache ipate joto, mvuke utoke, na baada ya kufunga supu nyingi nafanya hivyo tena. Oili ya pampu za vakyumu utaipata kwa wauza vipuri vya mafriji, maana mafundi wao wanaitumia. Linganisha namba yake na iliyoandikwa kwenye kitabu chako. Usikubali kuwekewa oili ya gari. Ule utepe wa tefloni juu ya waya wa moto nao unachakaa, mdomo unaanza kushika kwa mabaka, ununue wa akiba mapema.

Yasiyonipendeza: ni nzito, haihamishiki na mtu mmoja, kwa hiyo imechukua kona nzima ya jiko. Ina kelele. Chumba chake hakimezi samaki mkubwa; sangara lazima akatwe steki, na sato mnene mzima anagoma. Na mifuko ni plastiki. Katazo la mwaka 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, halikugusa vifungashio vya chakula, lakini mfuko uliotupwa mtaroni Mwanza mwisho wake ni ziwani, tunakovua. Ya dagaa na michembe naiosha, naikata mdomo na kuitumia tena ikiwa fupi zaidi. Iliyobeba samaki mbichi siirudii.

Ukienda kununua, nenda na chupa ya maji ya baridi. Mwombe muuzaji ajaze maji mfuko hadi nusu, aufunge mbele yako, kisha uuning'inize kichwa chini wakati mnazungumzia bei. Usitoe pesa kabla hujaupapasa mdomo wake kwa kidole, kutoka kona hadi kona, ukaukuta mkavu.